Kuendesha mdahalo juu ya chanzo cha vita vya Marekani vya 1861 usigeuke ubishi wa barazani

Mdahalo kuhusu kilichowafanya Wamarekani wapigane wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865 huharibika kabla msemaji wa kwanza hajasimama. Unaharibikia kwenye hoja yenyewe. Ukiandika ubaoni "Utumwa ndio uliosababisha vita" kisha ukawagawa watu pande mbili, utapata watu wanaopishana tu. Huyu anaeleza kwa nini majimbo ya Kusini yalijitenga, yule anaeleza kwa nini Rais Abraham Lincoln alikataa kuyaachilia, na wa tatu anamtetea kijana wa Tennessee ambaye hakuwa na mtumwa hata mmoja lakini alibeba bunduki. Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina ushahidi wake.

Mwongozo huu ni wa vyama vya historia vya shule na vyuo hapa Mombasa, na wa kundi lolote la vijana lenye ukumbi na alasiri moja. Kinachohitajika ni ubao, chaki, saa ya mkononi na kurasa nane za kunakilishwa. Projekta haina lazima, na umeme ukikatika katikati ya kazi utajua kwa nini.

Chagua swali moja

Kwa kundi ambalo halijawahi kuujadili mkasa huu, andika hoja hivi: "Majimbo saba ya kwanza yalijitenga ili kuulinda utumwa." Ni nyembamba, ina mipaka ya tarehe (Desemba 1860 hadi Februari 1861), na majimbo yenyewe yaliacha maandishi ya kueleza sababu zao. Lakini tusidanganyane, hoja hii haina pande mbili zenye nguvu sawa. Wanahistoria wengi wa leo wanakubaliana nayo, na upande wa kupinga utapata taabu. Itumie kuwafundisha watu kusoma hati, usiitumie kushindania kombe.

Ukitaka mashindano ya kweli, chukua hii: "Majimbo manne ya mwisho yasingejitenga lau Lincoln asingeita wanamgambo." Hapa kila upande una cha kushika. Mkutano maalumu wa Virginia ulipiga kura tarehe 4 Aprili 1861 ukakataa kujitenga. Tarehe 12 Aprili majeshi ya Kusini yakaishambulia Fort Sumter, ngome ya serikali ya kati, tarehe 15 Lincoln akaita wanamgambo 75,000, na tarehe 17 mkutano uleule wa Virginia ukageuza kauli. Arkansas, North Carolina na Tennessee zikafuata. Upande wa kuunga una mfuatano huo wa tarehe. Upande wa kupinga utauliza kwa nini majimbo manne mengine yenye watumwa, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, yalisikia mwito huohuo yakabaki, na utaonyesha kwamba huko watumwa walikuwa sehemu ndogo zaidi ya watu wote kuliko kwenye majimbo yaliyoondoka.

Hoja ya tatu, "Vita vingeweza kuepukika," waachie waliokwisha kufanya mbili za mwanzo. Ndiyo iliyowagawa wanahistoria miaka ya 1930 na 1940, James Randall na Avery Craven walipowalaumu wanasiasa wa kizazi kile kwa kuuchochea moto ambao ungeweza kuzimwa. Waliowajibu waliuliza swali gumu: kuepukika kwa gharama ya nani, ikiwa watu karibu milioni 4 walikuwa bado minyororoni?

Kurasa nane

Kila hati iwe ukurasa mmoja, dondoo la maneno 150 hadi 250, kwa Kiswahili, herufi kubwa za kusomeka na mtu wa nyuma. Juu kabisa, kwa wino mzito, andika tarehe. Pembeni andika namba kila baada ya mistari mitano ili msemaji aseme "hati ya pili, mstari wa kumi" na kila mtu afike hapo. Nakala moja kwa watu wawili inatosha, na tena inawalazimisha kusoma pamoja.

Ya kwanza ni tamko la South Carolina la tarehe 24 Desemba 1860. Ya pili ni la Mississippi, Januari 1861, ambalo mwanzoni tu linasema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa, "maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani." Ya tatu ni la Georgia. Ya nne ni hotuba ya kuapishwa ya Lincoln, tarehe 4 Machi 1861. Ya tano, vifungu vya katiba ya Shirikisho la Kusini ya tarehe 11 Machi 1861. Ya sita, hotuba ya Alexander Stephens, makamu wa rais wa Kusini, aliyoitoa Savannah tarehe 21 Machi 1861. Ya saba, azimio la Virginia la Aprili. Ya nane iwe dondoo la maandishi ya baada ya vita, ya Stephens huyohuyo au ya rais wake Jefferson Davis.

Hii ya nane ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mwaka 1861 Stephens alisema jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni kwamba Mweusi si sawa na Mweupe, na kwamba suala hilo ndilo lililokuwa sababu ya karibu ya mpasuko. Kuanzia 1868, vita vikiwa vimeshindwa na utumwa umekwisha kufutwa, akaandika kwamba ugomvi ulikuwa juu ya aina ya serikali, ya majimbo au ya kati. Davis naye mwaka 1881 akaandika kwamba utumwa haukuwa chanzo. Ziweke hati ya sita na ya nane mezani bega kwa bega kisha unyamaze. Waache washiriki wenyewe waulize nini kilichobadilika katikati. Mtu anayesema kabla ya kushindwa hana habari ya aibu itakayomfika. Anayesema baadaye anajua kila kitu na ana jina la kulinda. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mdahalo huu ni kwamba hati ya kabla ya Aprili 1865, Kusini iliposhindwa, hutangulia ya baada yake, na anayetaka kuitegemea ya baadaye aeleze kwanza kwa nini tuiamini.

Tahadhari kwa mfasiri. Wanasiasa wa wakati ule walikwepa kulitaja jambo kwa jina lake. Katiba ya Marekani ya 1787 haitaji watumwa, inasema "mtu anayewajibika kutoa huduma au kazi." South Carolina inanukuu kifungu hicho, na msomaji asiyeambiwa atakipita akidhani ni habari ya vibarua. Fasiri kama kilivyo, kisha weka alama na maelezo ya mstari mmoja chini ya ukurasa. Usilainishe wala usikoleze maneno ya Stephens. Yakilainishwa upande mmoja unapoteza silaha, yakikolezwa mwingine atasema umepika.

Usichague dondoo za upande mmoja pia. Tamko la Georgia lina malalamiko ya kiuchumi, kwa mfano wavuvi na wenye meli wa Kaskazini kupendelewa na serikali. Texas ililalamika kwamba haikulindwa mpakani. South Carolina, karibu wakati uleule, ilitoa waraka wa pili kwa majimbo yenye watumwa, na huo unazungumzia kodi. Upande wa kupinga una haki ya kuyaleta haya yote, na ukiyaficha watayapata kwenye simu zao dakika ya kumi.

Tarehe ubaoni

Chora mstari mrefu na uweke miaka michache tu. 1820, mapatano ya Missouri juu ya wapi utumwa uruhusiwe. 1850, sheria kali ya kuwarudisha watumwa watoro. 1854, sheria ya Kansas na Nebraska, iliyowaachia walowezi waamue juu ya utumwa. 1857, mahakama kuu inaamua dhidi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake. Oktoba 1859, John Brown, mpinga utumwa, anavamia ghala la silaha la Harpers Ferry. Tarehe 6 Novemba 1860, Lincoln anashinda urais kwa takriban asilimia 40 ya kura, bila kupata kura yoyote ya maana katika majimbo ya kusini kabisa. Tarehe 20 Desemba, South Carolina inaondoka. Halafu tarehe za majimbo mengine, Fort Sumter, na chini kabisa tarehe 1 Januari 1863, tangazo la Lincoln la ukombozi wa watumwa.

Pembeni andika hesabu ya watu ya 1860: wakazi milioni 31.4, kati yao karibu milioni 3.95 watumwa. South Carolina watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya watu wote. Usiongeze takwimu nyingine, kwa kuwa ubao uliojaa hausomwi.

Ratiba ya alasiri

Anza saa kumi na robo, baada ya swala ya alasiri, na uwe umefunga saa kumi na mbili ili watu wawahi magharibi. Hiyo ni dakika 105, na zinatosha zikigawanywa hivi: kura ya siri ya mwanzo 5, maelezo ya ubao 10, kusoma hati kimya kimya wawili wawili 20, wasemaji watatu kila upande kwa dakika 5 kila mmoja, jumla 30. Kahawa dakika 10. Maswali ya ukumbi 15, kila swali lisizidi nusu dakika na litaje namba ya hati. Mhitimishaji mmoja kila upande dakika 3. Zilizobaki 9 ni za kura ya pili na majaji.

Watu watashawishika kukata zile dakika 20 za kusoma ili wasemaji waongezewe. Kataa. Mdahalo usio na kusoma huwa ni mashindano ya sauti, na Mombasa hatuna uhaba wa sauti. Ukibanwa na wakati, punguza msemaji mmoja kila upande.

Mnahitaji mwenyekiti, mtunza saa, karani na majaji watatu. Karani asiandike hotuba. Aandike tu nani ametaja hati ipi. Kahawa na kashata zikae nje ya mlango, la sivyo vikombe vitagongana hadi mwisho. Kama feni za ukumbi zinapiga kelele, wapange wasikilizaji nusu duara karibu na msemaji badala ya kuzizima, maana Februari au Machi hakuna atakayekaa ndani bila feni.

Hoja zitakazorudi, na namna ya kuzipima

"Walipigania haki za majimbo." Usiikatae, uliza, haki ya kufanya nini? Kisha mwelekeze msemaji kwenye hati ya kwanza. South Carolina inazilaumu serikali za majimbo ya Kaskazini kwa kutumia mamlaka yao kuzuia watoro wasirudishwe, na inalalamika kwamba New York ilimnyima mwenye mtumwa hata haki ya kupita naye. Hapo jimbo la Kusini linataka serikali ya kati iyabane majimbo mengine. Hati ya tano inamalizia kazi: katiba ya Kusini inakataza kutungwa sheria ya kudhoofisha haki ya kumiliki watumwa, na inaulinda utumwa katika maeneo yoyote mapya watakayopata. Ni vigumu kuiita hiyo huruma kwa uhuru wa majimbo.

"Ulikuwa ugomvi wa ushuru." Hii ina mizizi ya kweli, kwa sababu mwaka 1832 na 1833 South Carolina iligombana na serikali ya kati juu ya ushuru wa forodha. Kosa liko kwenye tarehe. Ushuru uliokuwapo 1860 ulikuwa wa sheria ya 1857, na ulikuwa mdogo. Ule mkubwa, wa Morrill, ulitiwa saini na Rais Buchanan tarehe 2 Machi 1861, majimbo saba yakiwa yamekwisha kwenda na wengi wa maseneta wao wameviacha viti. Wapo watakaosema Kusini ndiyo iliyolipa ushuru karibu wote, ilhali sehemu kubwa ilikusanywa bandari ya New York. Lakini hapa mwenyekiti awe mwadilifu: mahali ushuru unapokusanywa hapakwambii nani ameubeba. Forodha ya Kilindini hutoza mizigo ambayo mnunuzi wake wa mwisho yuko Nairobi au zaidi. Basi hoja ya New York inapunguza makali ya dai, hailiui.

"Lincoln mwenyewe alisema hajali utumwa." Anayesema hivi huwa ameshika barua ya Agosti 1862 kwa mhariri Horace Greeley, ambamo Lincoln anasema kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Barua ni ya kweli. Ila mwezi mmoja nyuma alikuwa amekwisha kuwasomea mawaziri rasimu ya tangazo la ukombozi. Tena barua hiyo inajibu swali la kwa nini Kaskazini ilipigana, wala si la kwa nini Kusini iliondoka. Kwa hoja yetu ya kwanza, mwenyekiti ana haki ya kuiweka kando. Kinachohusika zaidi ni hati ya nne. Humo Lincoln anaahidi kutouingilia utumwa ulipo, kisha anasema upande mmoja wa nchi unaamini utumwa ni haki na unapaswa kuenezwa, mwingine unaamini ni makosa na usienezwe, na huo ndio mgogoro pekee wa maana. Neno la kushika ni kuenezwa. Wasemaji wengi hupotea hapa: wanathibitisha kwamba Lincoln hakukusudia kufuta utumwa Kusini, wanadhani wameshinda, kumbe ugomvi ulikuwa juu ya magharibi, kwenye ardhi ambayo bado haijawa majimbo.

"Wanajeshi wengi wa Kusini hawakuwa na watumwa." Kweli. Katika majimbo 11 yaliyojitenga, familia huru zenye watumwa zilikuwa kama theluthi moja. Tofautisha sababu za askari na sababu za walioketi kwenye mikutano ya kujitenga, na kumbusha kwamba mtoto wa mwenye watumwa, mpangaji wake na msimamizi wake wote wanaishi kwa utumwa huo bila kuandikwa kuwa wamiliki.

Halafu kuna ile ya uchumi kwa mapana, Kaskazini ya viwanda dhidi ya Kusini ya mashamba, aliyoipa umaarufu Charles Beard miaka ya 1920. Kwa wasikilizaji wa pwani ipimeni kwa merikani. Kitambaa hicho kilichovaliwa na kuuzwa kutoka Zanzibar hadi bara kilifumwa viwandani New England, Kaskazini, kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipokata pamba, merikani ikaadimika huku kwetu, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Wenye viwanda vya nguo vya Massachusetts walikuwa na kila sababu ya kutaka amani na Kusini, na wengi wao waliitaka. Kwa hiyo masilahi ya kiuchumi yalikuwapo, ila hayakusukuma yote upande mmoja.

Yanayowasha moto ukumbini

Ukitamka "haki za majimbo" Mombasa, nusu ya ukumbi haitafikiria Virginia. Itafikiria katiba ya majimbo ya 1963, madai ya Mwambao ya kuitenga pwani, na makubaliano ya Oktoba mwaka huo yaliyouacha ukanda wa pwani wa maili kumi mikononi mwa Kenya. Ni mjadala halali, na una hati zake. Ila ukiuruhusu uingie dakika ya thelathini hutauona tena mwaka 1861. Tangaza mwanzoni kwamba kulinganisha na kwetu kutakuwa na siku yake, na uitaje siku hiyo kabisa. Watu hunyamaza wakijua zamu yao ipo.

La pili ni zito zaidi. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, na Frere Town, iliyoanzishwa 1875 kwa watumwa waliookolewa, iko hapo Kisauni. Ukumbini anaweza kuketi aliyetokana na watoro na pembeni yake aliyetokana na mabwana zao, na wanajuana. Pigeni marufuku mambo mawili: kumwuliza mtu asili yake, na kulitumia neno mtumwa kwa mtu aliye hai, hata kwa mzaha. Anayevunja anakatiwa muda wake, hata akiwa mzee wa heshima. Mwenyekiti amwambie kwa adabu, "Samahani mzee, hilo tulikubaliana tusiliguse," kisha ampe nafasi msemaji anayefuata bila kungoja jibu. Hoja ya kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole kuliko wa Marekani nayo ihamishiwe ile siku nyingine. Haihusiani na kilichotokea South Carolina, na huwa inaletwa ili kumtuliza anayeisema.

Kutoa alama

Alama 30 kwa kila upande zinatosha. Kumi na mbili za kutumia hati kwa tarehe na mstari. Nane za kujibu hati iliyo kinyume na upande wao, maana kuikwepa ni rahisi na ndiko wengi wanakokimbilia. Sita za kubaki ndani ya swali. Nne za lugha na utulivu. Ufasaha ukipewa nyingi zaidi ya hizo, wenye maneno watashinda kila mara na wasomaji hawatarudi.

Kabla ya majaji kutoa uamuzi, karani asome orodha yake: hati ya kwanza imetajwa mara ngapi, ya tatu mara ngapi. Kama kuna iliyotajwa na upande mmoja tu, majaji wauulize upande wa pili swali moja juu yake na wampe mtu dakika moja ya kujibu. Kura ya mwanzo na ya mwisho zihesabiwe mbele ya wote. Zikitoka sawasawa, bila mtu yeyote kuhama, angalia kwanza kama zile dakika 20 za kusoma zilifika 20.